Nilijificha Nyuma ya Omena

Ninapoalikwa kuzungumza na akina mama, kanisani au kwenye baraza la chifu, anayenitambulisha husema karibu maneno yale yale: huyu ni Kwamboka, mwanamke jasiri, aliugua ugonjwa wa aibu akapona, na sasa anawasaidia wenzake. Watu hupiga makofi. Mimi huangalia viatu vyangu. Wengine hudhani ni unyenyekevu. Ukweli ni kwamba sikufungua mdomo kwa hiari yangu. Nililazimishwa, na aliyenilazimisha ni mwanamke niliyekuwa nimemkosea vibaya.

Naandika haya kwa ajili yako wewe ambaye nguo yako imelowa sasa hivi unaposoma, wewe uliyejifunza kukaa karibu na mlango ili uwe wa kwanza kutoka. Nitakueleza nilivyougua na nilivyotibiwa, polepole, ili ujue njia ilivyo. Lakini nitakueleza pia nilivyomtendea mtu nilipokuwa mgonjwa. Ugonjwa huu hukufanya uone aibu yako tu, usione ya mwingine yeyote, mpaka siku moja unamtwika mtu asiyehusika na unajiambia hujafanya neno.

Nilikuwa nimeolewa na Ombati, karibu na Ikonge, kwa mwaka mmoja na miezi michache. Mimba yangu ya kwanza ilitimia wakati wa masika. Uchungu ulianza Jumapili asubuhi. Mama mkwe wangu alikuwa amezaa watoto saba jikoni mwake, na hakuona sababu ya kukimbia popote. "Mtoto wa kwanza hujivuta, mokamwana," aliniambia, yaani mke wa mwanangu, huku akinikanda kiuno. Mikono yake ilikuwa mizuri sana, siwezi kumkosea haki. Lakini Jumatatu ilipita, na Jumanne mchana sauti yangu ilikuwa imekwisha. Barabara ilikuwa matope matupu. Walinibeba kwa kiti, wanaume wanne wakibadilishana, mpaka kwenye lami, ndipo tukapata gari la kwenda Kisii. Nilipasuliwa jioni hiyo. Mtoto alikuwa mvulana, na alikuwa ameshafariki.

Wiki moja baadaye, nikiwa nyumbani, nilishtuka kitandani nikahisi shuka imelowa. Kikombe cha chai kilikuwa kando yangu, nikafikiri nimekimwaga. Nikakiangalia. Kilikuwa kimejaa.

Sista mmoja wa hospitali alinieleza baadaye kwa maneno mepesi, nami huyatumia mpaka leo. Kichwa cha mtoto kikikwama mahali pamoja kwa muda mrefu, hubana nyama laini mpaka inakufa, na pale panabaki tundu. Mkojo hupita hapo wenyewe bila kukuuliza. Ugonjwa huo unaitwa fistula. Haukuletwa na laana, wala uzinzi, wala jicho la jirani. Uliletwa na kuchelewa. Kama mtu angeniambia hayo wiki ile ya kwanza, labda ningeokoka mengi. Lakini hakuna aliyeniambia, na mimi sikumuuliza mtu.

Nilijifunza mwenyewe namna ya kuishi. Nilikata shuka kuukuu vipande vipande nikavikunja, juu yake nikafunga karatasi ya nailoni. Nilifua kwenye kijito nikaanika vitambaa katikati ya migomba, kamwe si kwenye kamba, maana kamba huonekana kutoka barabarani. Mapaja yangu yalichubuka yakawa kama yameunguzwa na uji. Nikaacha kunywa maji, nikidhani nitakauka. Usifanye hivyo, dada yangu. Ukiacha maji, mkojo unakuwa mkali, unachoma zaidi na unanuka zaidi. Kunywa maji. Sikulijua hilo kwa zaidi ya miaka miwili.

Ombati hakunipiga wala hakunifukuza. Alichofanya ni kuhamia nyumba ndogo ya ndugu yake, akisema anataka kuwa karibu na ng'ombe ili akamue mapema. Sote wawili tulijua ng'ombe alikuwa amefungwa upande wetu. Mama mkwe naye alitandika kipande cha nailoni kwenye kiti kimoja jikoni. Hakusema ni changu. Kila nilipoingia, viti vingine vilikuwa na kitu juu yake: sufuria, kikapu, paka. Nikakaa kwenye nailoni.

Kazi moja tu ilinisitiri, nayo ni kuchuma chai. Anayechuma asubuhi hulowa umande kuanzia kiunoni kwenda chini, na kila mmoja wetu hujifunga karatasi ya nailoni mbele. Mvua ikinyesha ndiyo kabisa, wote tunatoka shambani tukiwa tumelowa chapachapa, na hakuna anayemuuliza mwenzake kwa nini sketi yake inadondosha maji. Masika nilikuwa mtu kama watu. Nilikuwa nikiomba mvua mpaka Ombati akashangaa, kwa kuwa mahindi yetu yalikuwa yanaoza. Kiangazi kifupi cha Januari na Februari ndicho kilikuwa adui yangu. Saa nne umande umekauka, sketi za wenzangu zimekauka, yangu bado.

Baada ya kuchuma tulipeleka majani kwenye kituo cha kununulia, kibanda cha mabati kando ya barabara. Karani hupima, kisha tunasubiri lori la kiwanda. Lori likichelewa mnakaa saa mbili, saa tatu, mkiwa mmebanana chini ya mabati. Hapo ndipo nilipokuwa nikiteseka, kwa sababu kwenye mabati yenye joto harufu haina pa kwenda.

Pembeni mwa kibanda hicho alikuwa akikaa mwanamke aliyeuza omena, wale dagaa wakavu wa ziwani. Tulimwita Mama Akinyi. Alitoka kaunti za ziwani, alipanga chumba kimoja Ikonge na binti yake, na kila siku ya kupima chai alikuja na beseni lake kichwani, akatandaza gunia, akapanga mikebe ya kupimia. Ekegusii hakukijua zaidi ya salamu, kwa hiyo naye tuliongea Kiswahili chetu cha sokoni.

Siku moja ya Januari nilikaa karibu naye kwa sababu palikuwa na kivuli. Mama mmoja alipita, akakunja pua, akageuka kutafuta harufu inatoka wapi. Macho yake yakatua kwenye beseni. Akaenda zake. Ndipo nikaelewa kwamba nimepata maficho.

Kuanzia siku hiyo nilikaa kando ya Mama Akinyi kila mara. Yeye alidhani nimempenda.

"Nyar Kisii, umekuja kunilinda tena?" alikuwa akiniuliza. Maana yake ni binti wa Kisii, kwa Kijaluo chake.

"Mgongo unauma tu, nataka kuegemea nguzo."

"Egemea. Lakini uache kuniangalizia omena hivyo, utainunua na macho."

Alikuwa na utani mwingi. Aliona ninakaa chini kwenye vumbi, akanikatia nusu ya gunia lake. Inzi wakija aliwafukuza kwa tawi la mkaratusi, kwake na kwangu, bila kubagua. Nilikaa juu ya gunia lake, nikalilowesha, nikaondoka. Kwa miezi mingi huyu ndiye alikuwa mtu pekee duniani aliyenisogelea bila kushika pua. Naliandika hili kwa mkono mzito, kwa sababu ya yaliyofuata.

Kiangazi cha pili kilikuwa kikali. Lori lilikuwa likichelewa karibu kila siku, na harufu pale kibandani ilizidi. Kituo kilikuwa na kamati, na mwenyekiti wake alikuwa Nyaboke, mwanamke mrefu, mchapakazi, mwenye sauti ya kufika ng'ambo ya bonde. Siku hiyo alisimama mbele ya beseni, mikono kiunoni.

"Mama Akinyi, hawa samaki wako walikufa mwaka gani?"

Wanawake wakacheka. Mama Akinyi naye akacheka kidogo. "Walikufa juzi. Unataka kuwazika?"

"Tunataka kupumua. Hata chai ya chupa hainyweki hapa."

"Omena iliyokauka vizuri hainuki hivyo, mama. Chukua, nusa." Akainua mkebe. Nyaboke akarudisha kichwa nyuma kama aliyeonyeshwa nyoka.

"Ninuse nini tena? Si nanusa toka asubuhi? Rudi nazo huko ziwani, watu wa huko wamezoea."

Mama Akinyi akaacha kucheka. "Mimi si mchafu," akasema. "Naoga kama nyinyi. Hiyo harufu si yangu."

Hapo Nyaboke akanigeukia. Aliniuliza kwa Kiswahili, ili kila mtu asikie na aelewe.

"Kwamboka, wewe ndiye unakaa naye kila siku. Sema ukweli. Harufu iko ama haiko?"

"Iko," nikasema.

"Inatoka wapi?"

Naweza kukuambia kwamba niliogopa, na ni kweli. Lakini nilikuwa na nafasi ya kusema sijui. Nilikuwa na nafasi ya kunyamaza. Nilikuwa nimekaa juu ya gunia lake. Nikasema, "Ni omena. Hata mimi inanishinda."

Mama Akinyi aliniangalia. Hakuwa na hasira, alikuwa kama mtu anayejaribu kukumbuka alinikosea lini. Wanawake wawili walianza kumkusanyia mikebe yake kabla hajasema ndiyo wala hapana. Nyaboke akasema kamati imeamua. Beseni lilikuwa zito na hakuna aliyemtwika. Alipiga magoti, akalisogeza ukingoni mwa jiwe, akaingiza kichwa chini yake, akainuka mwenyewe. Aliteremka barabara na gunia likabaki, kwa sababu mimi nilikuwa nimelikalia.

Wiki hiyo hiyo alihama Ikonge. Nami sikurudi tena kituoni. Nilikuwa nimeondoa omena, na sasa harufu ingebaki na mwenyewe. Nilianza kumpa jirani kikapu changu anipelekee majani, nikajifungia nyumbani. Kwa hiyo hata ile faida niliyomuuza mwenzangu kwa ajili yake sikuipata.

Msaada ulikuja wakati wa masika yaliyofuata, na uliletwa na Ombati. Alisimama mlangoni akiangalia ukuta, kofia mkononi.

"Redio imesema kuna madaktari wa ule ugonjwa. Wanakuja Kisii."

"Ugonjwa gani?"

"Kwamboka, tafadhali. Ule. Una jina. Wamelitaja kwenye redio kama malaria tu. Nitakusindikiza."

Miaka yote hiyo mimi nilidhani ni wangu peke yangu, ndiyo maana kusikia kwamba una jina kulinitoa machozi.

Benchi la kusubiri pale hospitalini lilikuwa refu, na lilikuwa limelowa. Nataka ulijue hilo kabla hujaenda, usije ukageuka mlangoni kwa hofu. Kila mwanamke pale alikuwa na mfuko wa plastiki wa nguo za kubadilisha. Hakuna aliyekunja pua. Wahudumu walipita na matambara wakapangusa sakafu kama wanaopangusa maji ya mvua, huku wakiuliza nani hajanywa uji. Nilikaa, na kwa mara ya kwanza tangu nimzike mtoto wangu nilikaa katikati ya benchi, si mwishoni.

Aliyekuwa kushoto kwangu alikuwa mama wa makamo kutoka Marani, jina lake Moraa. Alikuwa ameishi na ugonjwa huo tangu ujana wake.

"Wewe ulikuwa ukijificha vipi?" akaninong'oneza.

"Kwenye chai. Na wewe?"

"Mimi nilifuga beberu." Akajizuia kucheka. "Nilimfunga karibu na mlango kabisa. Wageni wakija wananusa, nami nasema, msamehe huyu beberu, hana adabu. Beberu wa tatu sasa. Wote wamekufa wakiwa na jina baya."

Benchi zima likacheka, mpaka mwanamke mmoja akasema tuache, tunamlowesha zaidi. Nilicheka nao, kisha nikaacha. Moraa alikuwa amemsingizia mbuzi. Beberu hana kodi ya chumba wala mtoto wa shule. Nilitoka nje nikasimama ukutani, na sista akanifuata akidhani naogopa kisu.

Upasuaji wenyewe sikuuhisi. Ninachokumbuka ni baada yake: mpira wa mkojo uliokaa ndani kwa wiki mbili, na kikombe cha maji kilichokuwa kinanifuata kila saa. "Kunywa," sista alikuwa akisema. "Mimi nataka kuona mpira unadondosha mchana kutwa." Mpira ulipotolewa, nilikaa saa moja nikiwa mkavu. Saa ya pili nikakohoa, nikalowa.

Usikate tamaa ikikutokea hivyo. Tundu langu lilikuwa kubwa, likapungua, halikuziba lote. Daktari alinieleza kwamba mwili unahitaji kupumzika kabla ya kushonwa tena, akanipa tarehe ya vuli. Ombati alisikiliza maelezo yote, hata yale ya kulala mbali na mke kwa miezi kadhaa, macho ameyainamisha kwa haya. Tukiwa njiani akasema, "Hilo la mwisho tumeshalifanyia mazoezi." Ilikuwa mara ya kwanza sisi kuchekea jambo hilo pamoja.

Vuli nikarudi, nikashonwa tena, nikakaa na mpira tena. Safari hii nilikohoa, nikacheka, nikasimama, nikachuchumaa. Asubuhi ya siku ya tatu nilipapasa godoro chini yangu, upande huu na ule. Lilikuwa kavu. Nililipapasa mpaka mwanamke wa kitanda cha pili akaniuliza kama nimepoteza pete.

Niliporudi kukaguliwa, mwezi mmoja baadaye, nilipita sokoni Kisii kununua sabuni. Nikaiona omena, halafu mikono iliyokuwa ikiipima. Alikuwa amekonda. Ningeweza kupita. Nilikuwa mkavu, nimevaa gauni jipya. Nikasimama mbele yake.

"Mama Akinyi."

"Nyar Kisii," akajibu, bila kuinua macho juu ya gauni langu. "Unataka ya mkebe gani?"

Nikapiga magoti pale kwenye tope la soko nikamweleza yote: tundu, mkojo, kwa nini nilikuwa nikikaa kando yake, kwa nini nilisema nilichosema. Alinisikiliza huku akiuza. Mara mbili alinikatiza amhudumie mteja.

"Kwa hivyo ilikuwa wewe," akasema mwishowe. "Mimi nilijua si samaki. Nimezaliwa kwa samaki. Nilikuwa nafikiria ni kile choo cha nyuma." Akapima mkebe mwingine. "Akinyi alikaa nyumbani muhula mzima. Hapa sikuwa na wateja, nilianza upya, karo ikakosekana. Na kule Ikonge, kabla hatujahama, walimwita mtoto wa mama mchafu. Unajua?"

"Sikujua."

"Sasa umejua."

"Nisamehe, mama."

"Unaniambia hapa? Hapa nani ananijua kuwa mchafu? Mchafu niliitwa Ikonge, chini ya mabati, mbele ya Nyaboke. Nenda useme huko."

"Siwezi. Nimepona juzi tu. Hakuna anayejua nilikuwa naumwa nini."

"Basi hukuja kuomba msamaha," akasema. "Umekuja kunitwika. Umetoka na mzigo wako nyumbani, unataka kuuacha hapa kwangu, urudi mwepesi. Ondoka, wapishe wateja."

Nilichelewa wiki sita. Nazihesabu kwa sababu ni za aibu kuliko ile siku ya kituoni: siku ile niliulizwa ghafla, lakini wiki sita nilikuwa na muda wa kufikiri. Mama mkwe alisema, "Umepona, shukuru, nyamaza." Alikuwa ameshaondoa nailoni kwenye kiti, na nadhani aliogopa kwamba nikisema, watu watauliza aliyekawiza safari ya hospitali ni nani. Ombati alikasirika waziwazi.

"Miaka hiyo yote nimekuficha," akasema. "Nimedanganya ndugu zangu. Sasa wataniona mjinga."

"Na yule mama aliyefukuzwa?"

"Ameshaanza maisha kwingine."

"Ombati, alifukuzwa kwa ajili yangu. Nikinyamaza nimemfukuza mara ya pili, na safari hii siumwi."

Asubuhi alibeba kikapu changu cha chai mpaka karibu na kituo, akakitua, akarudi. Hakuweza kubaki, na simlaumu.

Wanawake walikuwa kama ishirini, lori halijafika. Karani alishamaliza kupima. Nilisimama pale alipokuwa akikaa Mama Akinyi na nikaita, "Nyaboke." Sauti ilitoka nyembamba kama ya mtoto. Nikaeleza kwa Ekegusii, ili asiwepo wa kusema hakuelewa. Nilianza na omena, nikasema haikuwa omena, ilikuwa mimi. Kisha nikaeleza ugonjwa.

Mmoja akacheka, wakacheka wengine. Nyaboke hakucheka.

"Kwa hivyo tulikuwa tunanusa mkojo wako," akasema, "na ukatuacha tumtukane mtu wa watu?"

"Ndiyo."

"Na mimi ndiye niliyesimama mbele."

"Niliulizwa nikadanganya. Kosa ni langu."

"La kudanganya ni lako," Nyaboke akasema. "La kumwambia arudi ziwani ni langu. Hilo hukunituma." Akachukua kikapu chake akaenda kusimama barabarani peke yake mpaka lori likaja.

Kwa siku nyingi watoto wa njiani walinitania, na kuna mama aliyekuwa akipangusa benchi kanisani nikiinuka, ingawa nilikuwa nimepona. Halafu, Sabato moja baada ya ibada, mzee mmoja mwanamke kutoka Sironga alinivuta nyuma ya kanisa. Alikuwa amefuata habari zangu kwa miguu. "Mke wa mwanangu yuko ndani ya nyumba miezi minane," akasema. "Tulidhani amerogwa. Hebu niambie tena lile jina." Juma lile nikaenda Sironga. Binti huyo alikuwa na miaka kumi na tisa na alikuwa ameacha kunywa maji. Nikaketi kitandani kwake, palipolowa, nikamwomba kikombe, tukanywa wote wawili.

Kazi yangu imeanzia hapo na bado ndiyo hiyo hiyo. Nikisikia kuna mwanamke ambaye haonekani kanisani wala kisimani, naenda. Namweleza jina la ugonjwa. Naeleza mume akiwepo, namweleza mama mkwe kwa heshima, bila kumtia lawama mbele ya watu, maana ndiye atakayebaki na mgonjwa mimi nikiondoka. Nasindikiza mpaka kwenye benchi. Wengine hushonwa mara moja, wengine kama mimi, wachache hawakauki kabisa, na hao nao nawatembelea. Na kila ninapozungumza hadharani naeleza habari ya omena, hata wenyeji wangu wakinikonyeza niiruke. Waliolowa wanahitaji kujua kwamba tunaweza kupona. Wanahitaji kujua pia kwamba kuumwa hakutuondolei wajibu kwa mtu aliyekaa kando yetu. Kama kuna uliyemsingizia ili ujifiche, jitibu kwanza, upate nguvu. Kisha nenda, na usikawie kama mimi.

Nyaboke alikwenda Kisii bila kuniambia, akafuatana na wanawake wawili wa kamati. Sijui walimwambia nini Mama Akinyi. Ninachojua ni kwamba siku moja ya Februari, jua likiwaka, nilifika kituoni nikamkuta amekaa mahali pake, juu ya gunia jipya, mikebe imepangwa. Wanawake walikuwa wamemzunguka. Nyaboke alinunua wa kwanza. Kabla ya kulipa alichota omena kiganjani, akaileta puani mbele ya watu wote, akanusa, akaitia kwenye mfuko wake.

Nilipanga foleni kama wengine. Ilipofika zamu yangu Mama Akinyi alinipimia mkebe, akausawazisha juu kwa kidole, hakuniongezea hata mmoja.

"Utarudi kuuza hapa sasa?" nikamuuliza.

"Nirudi kufanya nini? Kisii nina wateja." Akakunja mfuko wangu akanipa. "Siku ile nilifukuzwa. Leo nimekuja ili niondoke mwenyewe, saa ninayotaka."

Hakusema amenisamehe, na sikuuliza. Alikaa mpaka beseni likaisha, mpaka lori likaja likaondoka, mpaka karani akafunga kibanda na wanawake wakatawanyika makwao. Kivuli kilikuwa kimehama. Alibaki pale juani, peke yake, akipiga gumzo kwenye simu na binti yake kwa lugha yao, akicheka. Kisha akainuka akaenda.